Boksi la Saba

Yaliletwa na pikapu ya zabibu kutoka Hombolo,
maboksi tisa, sanduku moja la bati,
na juu ya kila kifuniko, kwa mkaa:
ELIEZA MBIJIMA. KARATASI. USICHOME.
Mwanawe alisaini fomu akiwa amesimama,
akauliza kama tunalipa.

Hatulipi. Tunapangusa.
Agosti hii upepo wa Dodoma hauna adabu,
unapita chini ya mlango na vumbi lake jekundu
unakalia nilichokwisha kukipangusa.

Boksi la kwanza: mwalimu wa historia, miaka ishirini na sita.
Maandalio ya masomo, barua za uhamisho,
onyo moja la kuchelewa; utetezi wake, kurasa nne.
Boksi la pili: kumbukumbu za tawi lao,
Watakatifu wa Siku za Mwisho, watu kumi na mmoja
sebuleni kwa fundi redio, Chang'ombe.
Nani aliomba, nani aliimba, nani hakurudi tena.
Aliandika hata mvua iliyowazuia.
Aliandika: "Leo tulikuwa wawili. Tulitosha."

Katika daftari la nne pana duara la kahawia,
kitako cha kikombe, wazi kama muhuri.
Watu wa imani yake hawanywi chai.
Nimelinusa. Siruhusiwi kunusa.
Kwenye orodha nimeandika: doa, asili haijulikani.
Mtu ana haki ya kikombe kimoja.

Boksi la saba ni la majina.
Alikwenda kwa treni, kwa baiskeli, kwa miguu,
Kikombo, Msagali, Gulwe,
akiinama kwenye mlango wa kila tembe:
kabla yako nani? Na kabla yake?
Waliokufa kwa njaa ya Mtunya,
watoto waliopewa majina wasiwahi kuyaitikia.
Akayatuma hekalu la mbali,
ambako aliye hai huzamishwa kwa niaba ya marehemu,
ili marehemu, akitaka, akubali.
"Akitaka" amelipigia mstari mara mbili.
Katika nchi hii ya foleni za ndoo
aliwapelekea wafu maji.

Si wote waliopokea. Barua kutoka Msagali:
"Mwalimu, mwache baba yangu alivyo.
Hata mvua alikuwa haikimbii."
Nyuma yake, kwa pini yenye kutu, nakala ya jibu:
"Nimemwacha. Samahani."

Jana saa kumi, karatasi ya mwisho.
Mbeleje binti Chilewa, Mpwapwa, mfinyanzi,
jicho la kushoto halioni.
Amekatwa kwa wino mwekundu, mara moja, kwa rula.
Pembeni: "Mjukuu wake yuko mjini,
kazi ya makabati. Aulizwe kwanza."

Hakuja. Au alikuja nikiwa likizo.

Bibi yangu aliuogopa Kinyasungwe
hata ulipokuwa mchanga mtupu.
Ila alikuwa hakatai
kitu alichoombwa vizuri.

Fomu inataka idadi, tarehe, hali.
Moja. Haina. Nzuri, ila imekunjwa.
Chini kabisa pana nafasi ya maoni.
Nje lori la maji linapiga honi,
watu wanakimbia na ndoo,
na mimi bado nimeshika penseli.