Kibao cha Bwana Quintela

Ombi liliingia saa tano kasorobo usiku
nikiwa nakunywa supu ya kabichi, bakuli juu ya usukani.
Jina: Evaristo Quintela. Abiria: mmoja. Mabegi: mawili.
Kiti cha mtoto: hapana.
Uwanja wa ndege wa Porto hadi hoteli moja Matosinhos,
euro thelathini na mbili, zimeshalipwa.
Na chini kabisa, penye maelezo ya ziada,
pale wengine huandika nina haraka, au nina mbwa,
yeye kaandika:
Dereva asimame mlangoni na kibao.
Asimame hata ndege ikichelewa.

Ikachelewa.

Binti yangu anataka nitumie kishikwambi,
majina yawake kama tangazo la duka la dawa.
Mimi naandika kwa mkono, wino mzito,
nyuma ya kifuniko cha boksi la viatu.
Ile Q niliivuta mkia hadi ukingoni
maana muda nilikuwa nao.

Mlango ukatema watu: bibi na jibini lake,
wanafunzi, padri mwenye ubao wa kuteleza mawimbini,
kila mmoja akinisoma kifuani kabla ya uso
na kupita, kama mtu aliyekosea nyumba.
Akapita huyu, akapita yule. Miguu ikaanza kunidai.

Alikuja wa mwisho, mfupi, koti la baridi ya nchi nyingine.
Akanipita. Akarudi.
Akasoma kwa midomo, herufi moja moja,
kisha akasema, "Ndiye mimi,"
kama kwamba palikuwa na ubishi.

Alilipia kiti cha nyuma, akaketi mbele.
Kireno chake kilikuwa sarafu ya zamani:
nzito, safi, hakuna duka linaloipokea.
"Hapa kata kushoto," akasema.
Kushoto palikuwa na ukuta wa supamaketi.
"Basi hapa, kwa muuza mkaa."
Muuza mkaa simjui, na mimi nimezaliwa hapa.
Nikapunguza mwendo, nikawasha taa ya kukata kona,
nikaizima. Kwa heshima tu.

Mara ya tatu nikakata.
Gereji tatu, kamba ya nguo, paka asiyetuogopa,
na ukuta. Njia imeishia hapo.
Sauti ya simu ikasema: geuza gari itakapowezekana.
Ikasema tena.
Nikaizima.
Aliutazama ukuta ule, mita ya gesi, nyufa za chokaa,
kwa dakika ambazo sikuzitia kwenye hesabu.
"Mlango ulikuwa wa kijani," akasema. "Twende."

Hoteli ile ilikuwa kiwanda cha dagaa wa kopo.
Siku hizi bomba la moshi linamulikwa zambarau
na wageni hulipiga picha.
"King'ora kikilia, hata saa tisa usiku,
mama alitoka mbio, shali haijakauka.
Watoto hatukuruhusiwa ndani.
Nilisimama pale," akaonyesha mlango wa vioo
unaojifungua wenyewe, "mpaka atoke."

"Alikuwa akichelewa?"

"Dagaa hawana saa."

Mapokezi, kijana mwenye tai akamuuliza
kama ni mara yake ya kwanza Matosinhos.
Mzee akanitazama mimi. Mimi nikatazama mabegi.
"Ndiyo," akasema, na kutia sahihi.

Bahashishi alinipa, nyingi mno, kisha akaomba kibao.
"Ni boksi la viatu tu, bwana. Namba thelathini na nane."
Hakukikunja. Alikiweka kwapani
kama watu wanavyobeba mkate,
akaingia kwenye lifti na jina lake.

Supu ilikuwa imepoa, mafuta yameganda juu.
Simu ikalia: abiria wanne, mabegi saba,
kiti cha mtoto: ndiyo.
Nikapekua buti nikitafuta kifuniko kingine.