Kibao cha Fa

Jumamosi saa tisa, Cheyo, nyuma ya nyumba za reli,
nasubiri zamu yangu kwenye benchi la Bi Nyamizi,
mikono nimeifutika kwapani kwa kuwa inanuka tumbaku.
Kazi yangu ghalani ni kupanga majani kwa madaraja:
hili la kwanza, hili la tatu, hili takataka.
Miaka kumi na tisa.
Hata watu nawapanga hivyo, nisamehewe.

Ndani wamo Kulwa na Dotto.
Sura moja, mama yao mwenyewe huwachanganya,
ila ukiwasikiliza nyuma ya mlango hukosei:
Kulwa anatwanga, Dotto anaomba ruhusa.
Kulwa kawekewa sarafu ya mia juu ya kila kiganja,
ikianguka ni ya mwalimu.
Leo mwalimu ana mia nane.
Dotto kaambiwa afungue dirisha, acheze
mpaka mchoma mahindi wa ng'ambo ya barabara ageuke.
"Hajageuka, Mwalimu."
"Basi bado hajashiba. Mwongezee."

Kisha Mzee Sizya, aliyekuwa akiunga mabehewa,
hadi behewa moja lilipoondoka na vidole vyake viwili
pale Itigi, usiku, mvua inanyesha.
Kwa ajili yake wimbo mzima umeandikwa upya,
kalamu nyekundu, mkono wa kushoto wenye vidole vitatu.
Juu ya karatasi mwalimu hakuandika "rahisi".
Aliandika "wa Sizya".

Mwamvua haoni noti, surua ilimpitia machoni.
Yeye hufundishwa begani:
mwalimu husimama nyuma yake, humgonga mapigo
kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba anayojua ina wenyewe.

Ada nayo hukatwa kwa kipimo cha mtu.
Mmoja huleta pesa, mwingine gunia la mkaa,
Sizya huleta habari za treni.

Piano yenyewe ni ya zamani.
Mchwa walikula mguu mmoja, sasa imekalia tofali.
Na fa ya katikati imekufa.
Ukiigusa inazama kama jino bovu, kimya.
"Hiyo iimbe mwenyewe," husema Bi Nyamizi,
na hasemi zaidi.
Basi kila mtu ana fa yake:
ya Kulwa ni ya sokoni,
ya Dotto huisikii usipomtazama mdomo,
ya Sizya huanza na kikohozi kama breki,
ya Mwamvua hairudi haraka, hukaa hewani
mpaka wimbo umsubiri.

Zamu yangu.
Nilikuja na mluzi tu, ule anaoupiga mke wangu
akichuja asali. Hajui kama najifunza.
Niliupiga vibaya, mwalimu akaunyoosha, akauandika,
akaacha sehemu mbili zikiwa zimepinda.
"Hapa ndipo anapokamua masega," akasema. "Tusimharakishe."

Leo nikamuuliza: "Mwalimu, mimi ni daraja la ngapi?"
Akanishika vidole, akavinusa.
"Tumbaku ya moshi hii, au ya mvuke?"
"Ya mvuke."
"Hukauka kwa siku ngapi?"
"Tano. Saba. Inategemea jani."
Akaniachia mkono, akakaa kimya,
nami nikasikia nilichosema.

Mwezi jana tulichanga, fundi akaja kwa treni kutoka Mwanza.
Alishinda kutwa ameingiza kichwa ndani ya piano
kama anayetafuta pete kisimani,
na jioni fa ikaamka.
Nikakaa. Nikafika kwenye kibao kile.
Kikalia, safi, sauti isiyo ya mtu yeyote,
na yangu ikatoka nyuma yake bila kuitwa,
imechelewa kidogo, ina mikwaruzo.

Nikamtazama mwalimu.
Alikuwa amechukua kalamu nyekundu,
anaiandika.