Toleo Jipya, Isevya

Gemu imerudi. Kasha jipya, picha ileile:
yule dada wa kitambaa cha bluu kichwani,
raketi juu, hajazeeka hata siku moja.
Mimi nimeota kitambi na deni la pango.

Miaka kumi na minane iliyopita nilikuwa nayo ya kwanza,
hapahapa Isevya, nyuma ya duka la asali la Mihayo:
runinga yenye mgongo mrefu, benchi moja,
mia kwa seti, anayeshindwa anainuka.
Treni ya Mpanda ikipiga honi
kioo kilitetemeka, mpira nao ukatetemeka,
tukagombana: ulikuwa ndani, ulikuwa nje.

Sasa wanasema vitufe basi.
Ushike hiki kirungu cheupe, urushe mkono,
na mashine itaona.
Itaona! Nililisoma neno hilo mara mbili,
nikamkumbuka dada yangu Nyanzala.

Maana Nyanzala hakuwahi kucheza amekaa.
Kidole kinabonyeza, mwili mzima unakwenda:
bega linashuka, kiuno kinazunguka,
kandambili inaruka hadi kwa wateja,
waya wa padi unaiburuta mashine mezani.
Tulimcheka. Kasanda fundi saa alimwambia,
"Bibi wee, mashine haina macho. Tulia."
Akajibu bila kugeuka, "Itajifunza,"
akamfunga sita kwa mbili.

Nimempigia jana usiku, yuko Urambo.
Nikampa habari: mchezo uleule,
kiwanja kilekile, majani yaleyale ya kijani
ambayo kwetu huonekana masika tu,
ila safari hii unapiga kwa mkono.
Akanyamaza. Nikasikia kuku, na mtu anatwanga.
"Kwa hiyo ndiyo kwanza wamejua," akasema,
akacheka, kicheko kikaishia njiani.

Nilikuwa nimelisahau bega.
Bodaboda, barabara ya Kaliua, mwaka ule wa mvua nyingi.
Mkono wa kulia hadi leo unafika kifuani, unagoma.
Nywele anasukwa na binti yake.

Nikabaki na kirungu mkononi, sina la kusema,
nikakitikisa tu, na kwenye kioo
dada wa kitambaa cha bluu akapiga hewa
kwa uaminifu kabisa.

"Ile ya zamani uliitupa?"
Sikuitupa. Ipo chini ya kitanda, ndani ya boksi la sabuni,
kitufe cha kulia kimelika kama jino la mbuzi mzee,
waya umezungushiwa solotepu nyeusi.
"Vidole ninavyo," akasema. "Vyote kumi.
Nakuja Ijumaa na basi la asubuhi.
Hiyo mpya wape watoto, walipie mia tano."

Leo Jumatano. Nimefuta vumbi, nimechomeka.
Taa nyekundu imewaka baada ya makofi mawili.
Orodha ya washindi ipo, haikufutika,
nayo ilipokea herufi tatu tu za jina:
NYA, NYA, NYA, NYA, hadi chini,
kisha mimi, mara moja,
siku ile aliyokuwa na malaria.