Punguzo

Saa kumi na moja alfajiri upepo wa Duqm
hugonga mlango wa duka langu kama mdai.
Upepo hautozwi kodi.
Mimi natozwa: leseni ya manispaa,
kibao cha juu, asilimia tano kwa kila shati,
na mashine nne zinazobugia umeme
kana kwamba zilikuwa zimefunga.
(Ya tano ipo kona, nimeifunika kanga. Nitaifikia.)

Ng'ambo ya barabara, nyuma ya seng'enge,
kiwanda cha mabomba kinafuka.
Kimesamehewa kodi miaka thelathini.
Nimehesabu vidole vyangu, nikaazima vya mjukuu:
msamaha ukiisha nitakuwa na miaka tisini na moja,
au nitakuwa udongo,
na udongo nao hautozwi.

Marehemu mama, aliyetoka Wete
na mkoba mmoja na mbuzi ya kukunia nazi,
alikuwa akisema: mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Mama, huyu wetu tumempa ardhi, maji, bandari.
Jembe tumelifungia stoo
asije akalion​a akashtuka.

Mundhir, mtoto wa dada yangu, yumo mle,
kofia ya njano, anasoma mita.
"Bila msamaha wasingekuja, mama mdogo.
Wangekwenda bandari ya wenzetu.
Kodi yote ya kiwanda kisichokuwepo ni shilingi ngapi?"
Anasema shilingi kunitania; anajua hapa ni riyali.
Sina la kumjibu.
Ovaroli mia tatu za kila Alhamisi
hazikuletwa na ngamia.

Na mimi nisijitie utakatifu.
Mwaka juzi alikuja meneja wa hoteli,
viatu vinang'aa kwenye vumbi langu.
"Bi Zuweina, shuka mia nne kwa siku.
Nifanyie nusu bei. Ukikataa,
kuna mwenzio Haima ananisubiri."
Nikamfanyia. Nikakopa, nikanunua mashine ya tano.
Nikawa nalala saa tatu, mikono imebabuka kwa jiki.

Siku hizo hizo Shafikul, mlinzi wa geti,
mwenye shati moja la Ijumaa,
aliniuliza kama na yeye ana punguzo.
Nilimcheka. Shati moja, Shafikul?
Baisa mia tatu, na kumi na tano za serikali.
Alizipanga juu ya kaunta polepole
kama mtu anayeng'oa meno yake.

Mwezi wa kumi na nne
hoteli ikanunua mashine zake.
Hawakuniaga. Gari lao halikuja, basi.
Mkopo ulikuja.

Juzi wamepita watu wa Mamlaka na kamera.
Kampuni yaomba iongezewe miaka kumi,
na ya kwanza haijafika sita.
Wanakusanya maoni ya wafanyabiashara wadogo,
akasema kijana mmoja mwenye kalamu nzuri.

Nilitaka kusema: mpeni, lakini muandikiane.
Vijana wangapi, kwa mshahara gani,
na siku akihama, nani anabaki na mashine ya tano?
Nilitaka kusema: wadogo hamjatufika bado,
wadogo wako pale getini.
Lakini chai ilikuwa inachemka,
na Mundhir alikuwa amesimama nyuma yao
na kofia yake mkononi.
Nikasema, "Inategemea."
Akaandika: anaunga mkono.

Leo Shafikul kaleta shati.
Kola imekwisha, kifungo cha pili si cha wenzake.
Akaweka mia tatu na kumi na tano
kabla sijafungua mdomo.
Nikachukua mia mbili,
nikaweka kumi za serikali kwenye kopo la serikali,
nikamsogezea zilizobaki.
Hakuzigusa.
Alizitazama, akanitazama,
kama mtu anayehofia
pana kosa kwenye hesabu.

Lilikuwepo.