Ufunguo Kibogoyo

Aliuweka juu ya meza yangu, kati ya tupa na jiriwa,
kitu cheusi, laini, kama kokoto la mtoni,
akasema, "Fundi Nambunga, nitolee pacha."

Nikaugeuza. Nikautafuta meno.
Hauna.

Miaka thelathini na moja hapa Chikongola, nyuma ya soko,
nimechonga funguo za maghala ya korosho,
za makabati ya walimu, za masanduku ya maharusi,
na mmoja wa chumba ambacho sikutakiwa kuuliza cha nani.
Bibi yangu alichongwa meno kwao Newala, akiwa mwali;
mimi nimerithi tupa, sikurithi kinywa.
Lakini ufunguo kibogoyo
sijapata kuuona.

"Gari lenyewe liko wapi?"
Liko Shangani, chini ya bati,
limechomekwa ukutani kama simu.
Halijui petroli. Linakula LUKU,
na LUKU ikiisha, nyumba na gari vinalala pamoja.

Bi Somoe ni muuguzi wa Ligula, zamu za usiku.
Mumewe, Hashil, keshasafiri na ufunguo mfukoni mara mbili:
ya kwanza Nachingwea, ya pili Songea, siku tano,
naye akaenda kazini kwa bodaboda, saa nane za usiku,
mvua ikipiga gwanda jeupe.
"Ndoa haina tatizo," ananiambia.
"Tatizo ni ufunguo mmoja."

Nikawapigia wa Dar es Salaam.
Wakasema: leteni gari.
Nilicheka mpaka muuza vitumbua akageuka.
Gari la kilomita mia na ishirini kwa chaji moja
likate mia tano na zaidi?
Tulijaribu kuhesabu, mimi na Bi Somoe, nyuma ya risiti:
Lindi tutachomeka kwa shangazi yake.
Nangurukuru kwa nani?

Basi akaja mtaalamu, kwa basi:
Wande, binti wa miaka ishirini na minne,
kompyuta mgongoni, miguu imevimba kwa safari.
Hakuomba tupa. Hakuomba jiriwa.
Aliomba chai na kivuli.
Akachomeka waya chini ya usukani
akaliamuru gari lisahau.

"Lisahau nini?"
"Funguo zote, Mzee, hata huu wa zamani.
Kisha ndiyo tunalifundisha, mmoja baada ya mwingine."
Hashil akaushika wake kwa mikono miwili,
kama mtu anayesubiri
kutambulishwa upya kwa wakwe zake.

Dakika kumi na moja.
Taa zikapepesa, gari likawakubali wote wawili.
Hakuna chuma kilicholia.
Hakuna unga wa shaba kwenye vidole vya mtu.
Nilikuwa na mikono yangu pale, nisijue niiweke wapi.

Ndipo Wande akabinya pembeni,
na ule ufunguo mpya ukatoa ulimi:
kipande cha chuma, kifupi, kitupu.
"Betri yake ikifa," akasema, "mlango unafunguliwa kwa hiki,
kama mlango wa mtu yeyote.
Kwetu tunachonga kwa mashine. Mashine sikuja nayo."
Akanitazama.

Sikukimbia, nina umri wangu.
Nilitembea kwa haraka.

Nikaubana ulimi kwenye jiriwa,
ule wa zamani nikaulaza kando yake,
nikaanza: jino, bonde, jino.
Saba. Lile la tano lilinisumbua,
nikalirudia mpaka jua likahama mezani.
Hashil alitaka kuunyakua; nikampiga kofi la mkono,
nikapuliza unga kwanza.

Mlango wa dereva haukutoa ule mlio mwembamba, wa adabu.
Ulisema: *ka!*
Neno hilo nalifahamu.

Wande alilipwa laki nne na nauli ya kurudi.
Mimi nimetoza elfu tano.
Bi Somoe akaongeza elfu mbili ya soda,
nikazipokea,
na soda sikunywa.