Bamba la Chini ya Pipa

Miaka tisa lilibeba pipa la maji
uani kwetu, Bondeni, Nakuru,
nasi tukaliita jiwe, basi.
Siku pipa lilipotoboka
maji yakalilamba usiku kucha.
Asubuhi nikaona mviringo ndani ya mviringo,
rangi ya maini, rangi ya chai ya maziwa,
kisha utepe mweupe, mwembamba,
kama alama inayobaki kidoleni pete ikivuliwa.

Tarus alilileta chini ya kiti cha lori
kutoka huko juu, njia ya Lokichar.
"Shika," aliniambia. Nikashika. Mgongo ukalia.
Sasa Tarus hayupo wa kuulizwa,
na jiwe ukiliuliza linakujibu kwa uzito.

Makori wa Makaburi, ndivyo tunavyomwita,
maana huchonga majina ya watu kwenye granaiti,
alikuja na tochi na kijiko cha chai.
Kwao ni Tabaka, kwenye mawe laini
yanayokubali kisu kama muhogo uliochemka.
"Hili silo la hivyo," akasema. "Hili ni akiki.
Litakula msumeno kabla msumeno haujalila."
Akaligeuza, akapiga hesabu kwa chaki mgongoni mwake:
vito arobaini vya pete,
kumi na viwili vya shingoni,
chenga zake zikawa za hereni.
Chaki ikamvunjikia kwenye sufuri ya tatu.
Ada ya Chelimo, muhula mmoja na nusu.

Chelimo mwenyewe hataki kusikia.
"Msilikate! Ling'arisheni upande mmoja
mpaka nijione meno."
Ana miaka kumi na minne; ana meno ya kutazama.

Naye wifi yangu Tapkigen,
aliyekuja kwa siku mbili na huu ni mwezi,
anataka likae sebuleni, juu ya kabati,
kitambaa cha kufuma chini yake,
wageni waulize.
Wageni gani? Nikamtazama.
Akanyoosha kitambaa.

Mimi usiku wakilala nachukua kata,
kata ya maji, si ile ya msumeno,
nalimwagia kidogo, polepole, kama mtu wa homa.
Linaamka.
Kila utepe unarudi kazini.
Nahesabu kutoka ukingoni kwenda ndani,
napotelea kwenye thelathini na kitu.
Dakika nne hivi. Kisha vumbi la mji huu, lisilobisha hodi,
linakaa,
na rangi zinaingia chumbani mwao, zinafunga mlango.
Mng'aro ni nini ila maji yasiyokauka?
Na kisichokauka,
nani atakumbuka kukiamkia usiku?

Alhamisi Makori akarudi. Akagonga kwa kijiko
ting, ting, ting,
na kwenye pembe ya kushoto: tup.
Akagonga tena. Tup.
"Kuna ufa hapa. Ulipita kabla yetu sote."
Akanitazama kama daktari anayengoja umwombe uongo.
"Msumeno ukilishika, litajikata lenyewe,
litakavyo, si utakavyo."

Nikamwambia: pembe hiyo tu.
Akafunika gunia, akaweka patasi, akapiga mara moja.
Sauti ndogo. Nilitarajia kubwa zaidi.

Kipande kile anacho Chelimo, kinajaa kiganjani.
Anakisugua kwa msasa na maji,
yuko kwenye msasa wa pili na analalamika kucha.
Lenyewe liko dirishani jikoni, kavu, la kijivu,
limeegemea ukuta,
na bakuli la maji kando.
Tapkigen huwaambia wanaokuja kuazima chumvi:
chovya mkono, pitisha, tazama upesi.

Pipa nimeliuza kwa wa vyuma chakavu.
Ada bado.
Ile hesabu ya Makori iko mgongoni mwake,
imegeukia ukuta.
Sijaifuta.