Mkalimani wa Kitanda cha Tisa

Kiharusi kilimkuta alfajiri akihesabu kondoo,
kikamwachia mkono wa kushoto, jicho moja, na njaa.
Kijerumani kilikwenda chote: cha shule, cha kodi,
cha jeshi, cha kumwambia daktari wapi panauma.
Kilichobaki mdomoni mwa Ketel
ni ile aliyoinyonya.

Wakaniita mimi. "Ingke, wewe si Mfrisia?"
Naam, nusu. Wa bara, wa nyuma ya tuta la bahari,
niliyeidokoa lugha ya bibi akisema na ng'ombe,
maana na watu alisema Kijerumani, kwa adabu.
Sisi twaiita frasch. Kule kwenye visiwa vya majani
wanaiita freesk. Irabu moja tu, utadhani;
lakini niliinama juu ya kitanda cha tisa
nikawa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani
kupitia ukutani: sauti ni ya nyumbani,
habari sizipati.

Nilidaka "maji". Nilidaka "lango".
La tatu lilikuwa jina la mtu, au la kondoo.

Nikapiga simu. Kisiwa chake kina vilima vitatu
vilivyojengwa kwa mikono, nyumba juu kabisa,
ili bahari ikija usiku wa Novemba ipige hodi chini.
Kilima cha kwanza kimenunuliwa na watu wa Hamburg,
wa likizo. Cha pili ni chake Ketel.
Cha tatu anakaa Göntje, miaka themanini na mmoja,
"lakini hao," akasema mwenye posta,
"hawajasemezana tangu gharika ya mwaka wa sabini na sita."

Akaja, lakini. Kwa kigari cha reli nyembamba
kinachokatiza tope maji yakikupwa,
upepo ukimla masikio,
viatu vya mpira hadi magotini, mkoba ameukumbatia
kama aliyekuja kulipa deni asilolikubali.
Hakuketi. Hakumshika mkono.
Alisimama miguuni pa kitanda, akasema neno moja.

Ketel alifumbua jicho lile zima.

Basi ikaanza. Mungu wangu, ikaanza!
Maneno yalimtoka kama kondoo zizini,
mmoja, wawili, kisha wote wakisukumana,
naye akimrudishia papo hapo, mate yakiruka,
kidole kikionyesha kaskazini-magharibi
ambako sisi tuliona kabati la shuka tu.
Mgonjwa wa kitanda cha nane akaomba pamba ya masikio.
Lahaja nzima ilikuwa wodini mle,
watu wawili,
na ilikuwa inatukana.

"Anasemaje?" daktari akauliza, kalamu mkononi.
Göntje akapangusa kidevu.
Akafikiri kidogo, kwa Kijerumani.
"Anasema chai yenu ni nyepesi."

Daktari akaandika.

Baadaye, koridoni, nilimuuliza tena, kwa frasch yangu,
polepole, kama mtu avukaye tope pekupeku.
Alinitazama, akazicheka irabu zangu.
Kisha: "Anasema lango nililiacha wazi mimi.
Kondoo kumi na mmoja. Miaka yote hii anasema mimi."
"Na ni wewe?"
Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.
"Ni upepo. Lakini nikimwambia hivyo
tutakuwa tumemaliza."

Saa kumi maji hujaa, reli haipitiki.
Aliondoka saa nane. Aliacha mezani
pakiti ya majani ya chai, meusi, makali,
na sukari ya mawe ndani ya soksi ya mtoto.
Kesho yake, saa tano kasorobo,
nilisikia viatu vya mpira vikija koridoni,
na sauti, kabla hata ya mlango,
ikianzia pale pale ilipokomea jana.